Maziwa ya Kumkomoa Shangazi

Dada yangu Ininahazwe alikuwa na sababu mbili za kutaka kunyonyesha. Ya kwanza ni mtoto, kama mama mwingine yeyote. Ya pili ni Shangazi Theodosia. Nikikuambia ni ipi kati ya hizo iliyokuwa ikimwinua kitandani kila asubuhi utasema namsingizia dada yangu, kwa hiyo tulia nisimulie.

Shangazi Theodosia si shangazi yetu sisi. Ni wa shemeji Sylvesta, mume wa dada, huko kwao Kibondo. Alimlea Sylvesta baada ya mama yake kufariki, na kazi yake ni kuzalisha wanawake majumbani. Hakuisomea. Anasema mikono yake ilizaliwa na cheti. Nusu ya watoto wa kijiji kile wamepitia kwake, na ile nusu nyingine, ukimuuliza yeye, ndiyo inayofeli darasa la saba.

Ina, ndivyo tunavyomwita dada, aliposhikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, shangazi alimwingiza chumbani kwake akafunga komeo. "Ukoo wetu haukatwi," akasema, maana yake wanawake wa kwao hawapasuliwi, wanazaa nyumbani kimya kimya. Alisahau jambo moja tu: Ina si wa ukoo wao. Nyonga alikwenda nazo kutoka kwetu Makere. Jua likazama, likachomoza, likazama tena, mtoto yuko palepale. Wanaume, kama desturi inavyotaka, walikaa mbali, nyumba ya ng'ambo ya bonde, wakingoja kuitwa. Mwishowe Sylvesta akavunja desturi, akavunja na komeo, wakampakia Ina juu ya magunia ya maharage kwenye gari lililokuwa likielekea Kasulu. Hospitali wakampasua. Hakufa yeye wala mtoto, na daktari alilitangaza hilo kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameandaa tangazo lingine.

Ungedhani shangazi angejificha. Thubutu! Alifika wodini na kikapu, akamsukuma nesi kwa kiuno, akamfunua dada yangu kifua mbele ya wagonjwa na wasindikizaji wao, akalikamua titi kama anakamua ng'ombe wa mtu mwingine. Likatoka tone la njano. Ni yale maziwa ya mwanzo, dang'a, sisi wa sekondari tulichorewa ubaoni. Shangazi akalipaka kidoleni akaionyesha wodi nzima.

"Mnaona? Usaha! Kisu kimegusa maziwa. Mwanamke aliyekatwa hana maziwa, ana kidonda tu."

Ina akageukia ukuta. Shangazi akatoa chupa kwenye kikapu, akamlisha mtoto maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji na sukari, na kila nesi alipogeuka kuhudumia kitanda kingine, chupa ikatoka tena. Mtoto akapewa jina la Nizigiyimana. Mimi nikamwita Nizigi, maana alikuwa mdogo kuliko jina lake.

Walipomruhusu, mama yetu alikazana Ina aje kupona kwetu. Ukoo wa Sylvesta ukakubali, ila kwa sharti. Baba mkubwa wao, Mzee Hatungimana, alilitamka kwa simu, sauti kubwa, na mama akaweka spika ili tuumie wote: siku ya kuhemba, ile ambayo ndugu wa mume na majirani hubeba pombe na unga kwenda kumpongeza mzazi, watakuja Makere. Wakimkuta mtoto ananyonya, sawa. Wakimkuta bado ni wa chupa, Theodosia ataondoka naye Kibondo, akakulie kwenye ng'ombe wake mpaka aote meno.

Ina alikuwa hajasema neno tangu atoke hospitali. Simu ilipokatika akasema, "Nitamnyonyesha mbele yake. Nataka macho yamtoke mpaka yaangukie kwenye kikapu chake."

Nilifurahi kweli. Nikamwambia, "Dada, mimi nina upupu. Siku hiyo naupaka kwenye kiti chake, atacheza ngoma ambayo haijapigwa."

"Upupu unaisha kwa kuoga," akasema. "Mimi nataka kitu kisichooshwa."

Tatizo lilikuwa moja. Kila alipomweka Nizigi kifuani na kile kichwa kidogo kikamgonga, Ina aliganda. Mabega juu, meno yamebanana, jasho kama amebeba dumu. Mtoto naye akapiga kelele, maana kwake maziwa yalikuwa kitu kinachotoka kwenye mpira bila kazi. Mama akaja kusaidia, akamshika Ina titi amwelekeze mtoto, na Ina akausukuma mkono wa mama yetu kwa nguvu ambazo hatukujua anazo. Mama akaenda kulia jikoni. Nizigi akapewa chupa. Na kliniki walipompima, mizani ilisema mtoto anarudi alikotoka.

Basi nikamkumbuka Esperance.

Esperance ni Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, mama wa makamo, anafanya kazi na shirika linalozungukia akina mama wanaonyonyesha kwa shida, kambini na vijiji vya jirani kama chetu. Mimi nina kibanda cha kuchaji simu pale Makere, na simu yake ya batani ilikuwa mteja wangu mwaminifu. Siku moja mkoba wake ulifunguka juu ya meza yangu, likadondoka titi. Nakuapia. Titi la soksi, la kahawia, limejazwa pamba, chuchu yake kifungo cha koti. Nikalishika nikamwambia, "Mama Esperance, hili limesimama kuliko yangu yote mawili." Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo tukawa watu.

Alikuja siku ileile niliyomwomba. Akasimama mlangoni mwa chumba cha Ina.

"Mama, miye ni Esperance. Naweza ingia?"

Ina kimya.

"Ingia tu," nikasema.

"Mdogo, sikukuuliza weye."

Akavuta kigoda, akakaa hukohuko nje ya kizingiti. Mama akamletea uji. Akanywa. Uji wa pili ukapoa. Akazungumza habari za bei ya mawese na mvua iliyokuwa imeng'oa bati kambini, anaongea na hewa, hataki jibu. Nilishaanza kujilaumu kwa kumleta mgeni wa mlangoni. Ndipo Ina akasema, "Ingia."

Akaingia, akakaa kwenye mkeka, halafu akafanya kitu nilichodhani ni ugonjwa: akaikalia mikono yake. Viganja vyote viwili chini ya mapaja, kama mtoto aliyeonywa asiguse sukari.

"Hii mikono haitakugusa," akamwambia. "Hata ukiniomba nitakuuliza tena. Bon. Kama kuna kitu cha kuonyesha, nitaonyesha kwa huyu." Akaninyooshea kidevu nitoe lile titi la soksi.

Ina alilitazama. Mdomo ukamcheza upande mmoja. "Hilo nalo lilikatwa?"

"Hili lilishonwa, kama weye."

Ina akacheka kidogo, akashika tumbo kwa maumivu, na kicheko kikageuka. Akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha mdomo wazi kabisa. Mama akaja mbio kumnyamazisha. Esperance akamwambia mama kwa adabu, "Muache, mama. Hiki alikatazwa."

Sijui alijuaje. Maana hapo ndipo Ina alipotuambia. Chumbani Kibondo shangazi alimpandia tumboni kwa magoti, akimsukuma mtoto kwa uzito wake. Alipotaka kupiga kelele, shangazi alimziba mdomo kwa kitenge, akakikandamiza kwa kiganja, kwa sababu mwanamke anayelia wakati wa kuzaa anaaibisha nyumba. Na akiwa ndani ya giza hilo la kitenge, Ina alisikia gari. Lilikuja mpaka mlangoni, likanguruma, watu wakasema maneno mawili matatu, likageuza, likaondoka.

"Nilimwambia Sylvesta," akasema. "Kasema nilikuwa na homa, niliota. Usiku ule alikuwa amemwomba Nurudini alete gari, na shangazi amemwapia kwamba halikuja. Mpaka leo Sylvesta hapokei simu ya Nurudini, rafiki yake wa utotoni." Akapangusa pua. "Mtoto akinigusa hapa, mimi nasikia kile kitenge mdomoni."

Mama akaanza, "Mwanangu, msamehe tu, hasira itakukausha maziwa..."

"Mama," Esperance akamkatiza, bado amekalia mikono, "woga ndio unayafungia maziwa mlango. Hasira muachie. Hasira yake tutaipa kazi."

Na kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Esperance alimwagiza Ina aseme hapana. Basi. Nyumba nzima, kila mtu akitaka kuingia, kumshika, kumbeba mtoto, kumfunika shuka, lazima aombe kwanza, na Ina ajibu anavyotaka. Akisema hapana, hakuna kuuliza kwa nini.

Mama yangu! Dada alikuwa amenyimwa neno hilo, sasa akalila kama muwa. Nataka kufagia chumba? Hapana. Mama anataka kumkanda maji ya moto? Hapana. Baada ya kula? Hapana. Mchungaji wa jirani amekuja kuombea? Aombee akiwa barabarani. Mama akawa ananong'ona, "Mzazi gani huyu anamkatalia aliyemzaa?" lakini aliomba, na alipokubaliwa kumpaka Ina mafuta miguuni alitoka chumbani anatabasamu kama amepewa cheo.

Jumamosi akaja Sylvesta kutoka Kibondo, kapiga shati la mikono mirefu.

"Shemeji," nikamwambia, "umependeza. Bisha hodi."

"Kwa mke wangu?"

"Hasa huko."

Akabisha. "Ina, naweza kuingia?"

"Hapana."

Akanitazama. Nikamtazama. Nikampa ungo wa maharage ayachambue. Akakaa uani kutwa nzima na mama mkwe wake, wakichambua maharage bila kutazamana, maana mkwe na mkwe kwetu hawakai hivyo, na kila mmoja alikuwa anaona aibu kwa niaba ya mwenzake. Jioni Ina akamwambia ingia. Akaingia, akakaa mbali, akasema pole. Ina akamjibu, "Pole ya nini? Si niliota?" Shemeji akatoka akiwa mfupi zaidi.

Maziwa yenyewe yalikuwepo. Esperance alimfundisha kuyakamua kwa mikono yake mwenyewe, yeye akionyesha kwenye soksi: vidole nyuma kidogo ya chuchu, bonyeza kuelekea kifuani, achia, usivute. Tukayakusanya kwenye kikombe safi, tukamnywesha Nizigi taratibu kwa ukingo wa kikombe, chupa nikaitupia chooni kwa mkono wangu na kwa furaha. Nizigi akawa analala juu ya kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, nepi tu, kitenge mgongoni.

"Hana kazi hapo," Esperance alisema. "Asinyonye. Alale tu. Weye pia hauna kazi."

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa mchana wa mvua. Ina amelala ubavu, mto umewekwa kulinda mshono, Nizigi pembeni yake. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeruhusiwa, nilikuwa namwigiza Theodosia anavyotembea: kikapu mkononi, makalio yametangulia barabara, shingo kama jogoo wa mkutano. "Ukoo wetu haukatwi! Ukoo wetu hata ukucha haukatwi!" Ina anacheka, ananiomba, "Acha, mshono! Dorcas, mshono!" na Nizigi, katika mtikisiko ule, akatafuta, akafungua mdomo mkubwa, akainasa chuchu.

Ina alishika ncha ya mto. Niliona mabega yanaanza kupanda. Kisha akamtazama yule mtoto, jasho limemtoka puani, anavuta kama mtu aliyepewa kazi ya mkataba.

"Wewe," akamwambia, "hata hodi hupigi."

Mabega yakashuka.

Usidhani ikawa raha. Kesho yake alikataa. Keshokutwa akanyonya upande mmoja, wa pili akautazama kama karatasi ya hesabu. Chuchu zikapasuka, Ina akauma ncha ya shuka. Esperance alikuja kila alipopata ruhusa ya kutoka kambini, akaikalia mikono, akasema hivi, sogeza hivi, mgeuze miguu ielekee kwapani, tumbo lake lisiguse kidonda. Zipo siku Ina alisema hapana hata kwa mtoto, na Esperance akasema sawa, kikombe kipo. Siku ya kuhemba ilipofika, Nizigi alikuwa amenenepa mashavu, lakini hakuna aliyeweza kuapa kwamba atakubali kunyonya mbele ya kundi la watu. Alikuwa na haya, sijui alizitoa wapi, si kwetu.

Walikuja na vikapu vichwani na mtungi wa rubisi umezibwa kwa majani ya mgomba. Mbele Mzee Hatungimana na fimbo. Nyuma yake shangazi, amefunga kitenge cha pili kiunoni, kile cha kubebea mtoto, kimeshakunjwa tayari. Nyuma ya shangazi alikuja Niyubahwe, mke wa mwanawe Reverien, mjamzito wa karibu kabisa, amebebeshwa kibuyu cha maziwa ya ng'ombe. Binti wa watu alitembea kwa kuhesabu mawe.

Ina alikaa kwenye mkeka uani, mgongo ukutani, Nizigi mapajani. Esperance alikaa kati ya wanawake wa kwetu. Salamu zikapigwa, mwakeye huku na huku. Mzee akasema tumekuja kumpongeza aliyetoka vitani akiwa hai. Makofi. Mama akamjibu kwa niaba yetu. Halafu Mzee akakohoa.

"Sasa, kuhusu lile sharti."

Shangazi hakungoja amalize. "Sharti gani, kaka? Mtoto huyo hapo, titi hilo hapo, mnaona kama vinajuana? Lete, mwanangu. Umejitahidi." Akanyoosha mikono miwili.

"Hapana," Ina akasema.

Alisema kama anavyowaambia kuku. Shangazi akabaki mikono hewani. Ina akamfungua Nizigi, akamweka. Nizigi akageuza kichwa. Akamweka tena. Nizigi akapiga ukelele mmoja mrefu, uso mwekundu, na mkutano mzima ukavuta pumzi. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko cha kukorogea na sijui kwa nini nilitaka kukiuma.

"Mnaona?" Shangazi akawageukia watu. "Niyubahwe, lete kibuyu."

Niyubahwe hakusogea. Ina akafumba macho. Hakumsukumia mtoto titi. Alimlaza tu hapo kifuani, wazi, hana kazi, kama mchana ule wa mvua, akamwachia. Mbuzi wa jirani akalia, akaonekana mjinga. Kile kichwa kikatikisika kushoto, kikatikisika kulia, kikagonga, mdomo ukafunguka, na tukamsikia, wote, mpaka waliosimama kwenye mgomba, akimeza.

Mama ndiye aliyeanza vigelegele. Nami nikamalizia kijiko kwenye sufuria, ngo, ngo, ngo.

Hapo mtu mwema angeishia. Dada yangu si mtu mwema, ni mzazi. Alingoja vigelegele vishuke. Mtungi ukafunguliwa, akaletewa mrija, maana mzazi ndiye anayeonja kwanza, na baada yake mrija huenda kwa mwanamke aliyemzalisha. Ndiyo heshima yenyewe hiyo, ndiyo kila mtu anaingoja aone. Ina akaonja kidogo tu. Shangazi akasogea kupokea, akiwa ameshaanza kusahau kwamba ameshindwa.

Ina akaubakiza mrija mkononi.

"Shangazi," akasema, sauti laini kama uji wa mgonjwa, "hawa wa Makere hawajui ulivyonipigania. Wasimulie kwanza."

"Aa, mwanangu, mambo ya chumbani hayo."

"Wasimulie, waijue mikono yako."

Sifa ni kitu kitamu, na yule mama alikuwa na njaa yake tangu asikie vigelegele visivyo vyake. Akajiweka sawa. Akaanza.

"Mtoto alikuwa mkaidi. Nikampandia huyu tumboni, hivi, kwa magoti, nikamsukuma. Wakunga wa siku hizi hawana nguvu hizo. Huyu akataka kupiga kelele. Nikamwambia, mke wa Sylvesta halii kama mbuzi! Nikamziba mdomo kwa kitenge, nikakandamiza. Nani kijijini kwetu anaweza kusema alimsikia? Nilimtunzia heshima."

Wazee wawili watatu wakatikisa vichwa, ndiyo, heshima. Wanawake hawakutikisa.

"Na gari je?" Ina akauliza, anamtengeneza Nizigi sikio.

"Gari nalo! Nurudini kalileta mpaka mlangoni, taa zinaumiza macho. Nikamwambia geuza, ameshazaa, nenda kalale. Ukoo wetu haukatwi!" Akacheka.

Alicheka peke yake.

Sylvesta, aliyekuja pamoja na ndugu zake, alikuwa amebeba benchi la wageni. Akaliweka chini polepole, mguu mmoja, mguu wa pili.

"Gari lilikuja?" akauliza.

Shangazi akaitazama midomo ya watu kama anayetafuta kuona ni nani aliyeyasema yale maneno.

"Senge," Sylvesta akasema, hivyo ndivyo wanavyomwita shangazi kwao, "uliniapia. Nilimwita Nurudini muuaji. Nilimwambia hivyo kwa simu, mke wake anasikia. Na huyu," akamnyooshea Ina mkono lakini hakuthubutu kusogea, "huyu nilimwambia aliota."

"Nilikuwa namlinda, mwanangu. Kisu..."

"Kisu ndicho kilichomtoa mtoto. Kisu na magunia ya maharage."

Mzee Hatungimana akagonga fimbo, akataka yazungumzwe Kibondo, si ugenini. Niyubahwe alikuwa ameshakiweka kibuyu chini. Alikuja hadi kwenye mkeka, akasimama mbele ya dada yangu, mkono mmoja kiunoni na mwingine chini ya tumbo lake.

"Alikuziba mdomo na pua?" akauliza.

"Mpaka nikaona nyota."

"Naweza kukaa hapa?"

"Kaa."

Akajishusha taratibu, akakaa ubavuni mwa Ina, akanyoosha miguu iliyovimba. "Nitazalia Kasulu hospitali," akasema, hamwambii mtu. "Reverien akikataa, nitabaki Makere nifagie uwanja."

"Niyubahwe!" Shangazi akaita. "Mimi ni mama mkwe wako. Chumba nimeshakipaka samadi, kila kitu tayari. Simama!"

"Hapana, mama."

Unajua, mimi nilishasikia watu wakitukana sokoni Buhigwe, matusi ya kukausha majani. Sijawahi kuona neno dogo hivyo likimpiga mtu mzima hivyo. Binti mmoja wa kwao, aliyekuja amebeba unga, naye akahamisha kikapu chake upande wetu. Halafu mwingine, ambaye hata mimba ilikuwa bado haijaonekana, ila alijishika tumbo akajitangaza.

Ina akauinua mrija. Akampa Esperance.

"Mama, miye ni mlokole," Esperance akanong'ona. "Pombe sinywi."

"Shika tu. Aone umeshika."

Esperance akashika ule mrija, amekaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, hadi shangazi alipomaliza kutazama. Sylvesta akakichukua kile kibuyu kwa mikono miwili, akamrudishia. "Ng'ombe wako ana ndama wake, Senge."

Shangazi alikifungua kile kitenge cha kubebea, akakikunja, kikamkatalia kukunjika, akakisokomeza tu kwenye kikapu. Macho hayakumtoka. Yaliingia ndani. Kabla hajafika barabarani akageuka, akarudi hatua chache, sauti imepungua kabisa.

"Nimshike kidogo tu, kabla sijaondoka. Nami nilimngojea huyu mtoto."

Watu walilainika. Niliona. Hata mimi, kidole kimoja cha mguu kililainika. Mama akainama sikioni mwa Ina. "Mwanangu, amguse tu. Umeshashinda."

Nizigi aliachia, akapumua, maziwa meupe yakamtiririka kidevuni mbele ya macho ya yule aliyeyaita usaha.

"Hapana," Ina akasema. "Bado nina hasira. Ikiisha nitakuita, na utasubiri mlangoni."

Akamgeuza mtoto upande wa pili. Shangazi akaondoka na kikapu chake, kitenge kimoja kikiburura vumbi nyuma, na hakuna aliyemkimbilia kumwambia.